Chaneli Tano za Kituo cha Anga

Mimi ni fundi redio hapa Kagongwa. Nina leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, na ishara yangu ya wito huanza na 5H kama za wenzangu Tanzania. Redio yangu ya kwanza ya upepo ilikuwa ya bendi moja, megahezi 144 hadi 146, na kila masafa niliyaingiza tarakimu kwa tarakimu. Nilisikia nilichobahatika kusikia. Kubadili redio hiyo, na zaidi kujifunza kupanga memori za ile iliyofuata, kumenifanya mtu wa miadi. Hilo ndilo ninalolishuhudia.

Redio mpya ni Baofeng UV-5R, ya bendi mbili, yenye nafasi 128 za memori. Baadhi zilikuja zimejazwa tangu kiwandani, nami nilizifuta kabla ya jambo lingine lolote. Kwenye bendi yake ya chini, redio hii inarusha kuanzia megahezi 136 hadi 174, wakati sisi wa ridhaa tuna kipande kidogo tu humo. Kwingine ni kwa watu wengine, kwa leseni zao. Katika ukanda wa migodi kama wetu, kubonyeza kitufe mahali pasipo pako kunaweza kumkatiza mtu anayeongoza mtambo.

Kisha nikachomeka waya wa kupangia kwenye kompyuta, nikafungua CHIRP, programu ya bure, na kuandika chaneli zangu.

Zilizonibadilisha ni tano. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka kilomita zipatazo 400 juu ya dunia, na tangu Septemba 2020 kina ripita ya sauti kwa ajili yetu, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena: unarusha kwa 145.990 pamoja na toni ya hezi 67, unapokea kwa 437.800. Lakini kituo kinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kikija masafa hupanda, kikiondoka hushuka, kama honi ya lori la mpunga linalokupita barabara ya Isaka. Kwa hiyo upande wa kupokea niliandika 437.810, 437.805, 437.800, 437.795 na 437.790, na upande wa kurusha nikaacha masafa yaleyale kwa zote, kwa sababu kwenye bendi hiyo ya chini tofauti ni ndogo na FM huivumilia. Mpito mzuri wa kituo juu yetu ni dakika kama 10. Huna nafasi ya kuandika tarakimu. Kidole kimoja kinashusha chaneli, mkono mwingine unakifuata kituo kwa antena niliyoiunda kwa futi ya chuma na bomba la maji.

Jioni moja, mashine za mpunga zimeshazimwa, nilimsikia mtu wa Afrika Kusini akiita kwenye chaneli ya tatu. Nikataja ishara yangu. Akairudia yote, bila kukosea herufi! Wati 5, kutoka Kagongwa. Nilitetemeka kwa furaha.

Sasa naangalia ratiba ya mipito asubuhi, kabla ya kufungua kazi ya mteja yeyote.

Ndugu msomaji mwenye redio kama hii kabatini, nenda TCRA ukaombe leseni, ufute masafa ya kiwandani, uandike hizo tano. Wakati mwingine ripita huzimwa, kwa mfano chombo kinapokuja kuungana na kituo. Ukikuta kimya, jaribu mpito unaofuata.