Naivasha: Mngurumo unaotangulia gari

Ukisimama kilimani karibu na mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, siku za Safari Rally, gari utalisikia kabla ya kuliona. Mngurumo hutokea mbali nyuma ya majabali, ukipanda na kushuka kila dereva anapobadilisha gia. Watu hunyamaza. Hata mtoto aliyekuwa akililia soda hutulia. Kisha linakuja vumbi, milio mikali kama fataki, na gari limeshapita.

Kwa familia nyingi za Kenya huu ni urithi. Mashindano haya yalianza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mababu waliomshangilia Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, leo wanawasimulia wajukuu. Baada ya 2002 mbio hizi ziliondolewa kwenye ubingwa wa dunia, zikarudi 2021, na Naivasha ikawa makao yake.

Ajabu ni kwamba injini ya magari makubwa ya mbio hizi ni ya lita 1.6 tu, ndogo kuliko ya matatu ya abiria 14. Ukali wa sauti unatoka kwingine. Dereva anapoinua mguu, petroli huendelea kuwaka ndani ya ekzosi ili turbo isipunguze mwendo. Hiyo ndiyo milio inayofanana na risasi. Na watu wanaipenda. Formula 1 ilipoingiza injini za V6 zenye msaada wa umeme mwaka 2014, mashabiki wengi walinung'unika kwamba magari yamekuwa kimya mno. Mtu haamki saa kumi alfajiri kwenda kusikiliza feni.

Lakini sikio lina hesabu yake. Ndani kabisa zimo chembechembe zenye vinyweleo, takriban 15,000 kwa kila sikio, zinazopokea sauti. Zikifa hazioti tena. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, mtu mzima anaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Zikifika 100, zinabaki dakika 15 tu. Mtoto mdogo hawezi hata kueleza kwamba masikio yanamvuma. Mzazi ataona tu kesho yake anauliza "nini?" kila mara, au anaongeza sauti ya runinga.

Kilimani hatari si kubwa sana. Magari hupita moja moja, dakika kadhaa katikati, na mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Shida iko kwenye kambi ya mafundi. Huko injini hujaribiwa chini ya hema huku baba amembeba mwanawe mabegani, hatua chache tu kutoka kwenye ekzosi, simu mkononi akirekodi. Halafu kuna spika za muziki zinazokesha Naivasha nzima. Hizo, kwa kweli, zinaweza kudhuru kuliko magari, maana hazipiti zikaenda.

Kipimo rahisi ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, kelele imezidi. Sogeeni nyuma. Pamba haizuii kelele ya kutosha. Vizibo vya sponji vya watu wazima havimkai vizuri mtoto mdogo, na anaweza kuvimeza. Kinachomfaa ni vifuniko vya kuvaa kichwani, vile vinavyofanana na hedifoni ila havina muziki, vya ukubwa wake. Avae kabla gari halijafika, kwa sababu likishafika hakuna atakayekumbuka.

Hapotezi uhondo. Mngurumo bado huusikia kifuani, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kunyoosha kidole kule vumbi linakoibukia.