Taa Nyeusi

Mwaka 2009 nilinunua Mark II GX100 nyeupe, na wiki ya pili tu nikaipeleka Ilala ikawekwe tinti kwenye taa za nyuma. Fundi alinyunyiza maji ya sabuni, akatandaza stika, akaipuliza hewa ya moto mpaka ikalala kwenye kona zote bila kiputo hata kimoja. Nilirudi nyuma hatua kumi nikaitazama. Nyeupe kote, macho meusi. Usiku ule nilitoka nje mara mbili kuiangalia, kama mtu aliyeoa.

Taa ile ina balbu moja yenye nyuzi mbili: wati 5 za usiku, wati 21 ukikanyaga breki. Aliye nyuma yako anaisoma tofauti hiyo tu, hana kingine. Mimi nilitaka kuonekana, nikaanza kwa kuifunika. Kioo cha nyuma nacho nilikipiga tinti, kwa hiyo hata ile taa ya tatu ya breki, ambayo Marekani iliilazimisha kwenye magari madogo mapya tangu modeli za 1986, kwangu ilikuwa ikiziwakia spika.

Saa nane mchana, jua la Januari, barabara ya Morogoro, Kimara. Mama mmoja aliingia kwenye kivuko, nikashika breki, nikasimama vizuri tu. Kisha kishindo. Kijana wa bodaboda alikuwa kifudifudi juu ya buti langu.

Aliteremka, kiwiko kinavuja damu. "Bosi, mbona hukushika breki?"

"Nimeshika."

"Kanyaga tena."

Nikakanyaga. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona anainama, anaikinga taa kwa viganja viwili, kama mtu anayechungulia duka lililofungwa. "Aah," akasema. "Kumbe inawaka."

Trafiki angemtia yeye hatiani, maana ndiye aliyegonga kwa nyuma. Nililijua hilo. Nikampeleka zahanati, nikalipa, na sababu ya kulipa sikumwambia.

Juzi mpwa wangu kaja na Crown yake, taa za nyuma nyeusi tii.

"Mjomba, hizi za LED, zina mwanga mkali. Si kama zenu zile."

Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Nikamwambia aingie ndani akanyage breki. Nikazunguka nyuma, nikainama, nikakinga taa kwa viganja viwili.