Vita Viliisha, Mguu Ukaendelea Kudai

Mjukuu wangu, ukiona leo magari yanavyopishana hapa Omurushaka kuelekea Kyerwa, huwezi kudhani kwamba mwishoni mwa 1978 vijana waliokuwa juzi tu wakichuma kahawa waliitwa wakashike bunduki. Idi Amin wa Uganda alikuwa ameingia nchini mwetu, kaskazini ya mto Kagera, na kulivunja daraja la Kyaka; Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba tutampiga, nasi tukaenda. Brigedi yetu, ya 201, karibu yote ilikuwa mgambo. Machi 10, 1979, pale Lukaya, Uganda, barabara inapokatiza kinamasi, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitushushia makombora, na kipande cha chuma kikanivunja chini ya goti. Nilirudishwa kwa lori lililonuka dizeli, damu iliyoganda na ndizi mbivu, hadi Bukoba. Wodini kulikuwa na harufu kali ya Dettol, na muuguzi mmoja mnene, mwenye mwanya, alinishika mkono asubuhi ya kukatwa mguu akiniuliza habari za mibuni ya baba. Sikudaiwa hata senti, na nitalisema hilo daima.

Madai yalikuja baada ya ushindi. Mguu wa bandia huchakaa, kigutu huchubuka, na goti zima huumia kwa kubeba kazi ya mawili. Kila mguu mpya una nauli yake, malazi yake na bei yake. Huu nilionao ulimeza kahawa ya msimu mzima. Nilipoomba msaada katika ofisi moja niliulizwa karatasi za utumishi. Mgambo wa kijijini alipewa bunduki, hakupewa jalada. Karani, kijana wa umri wako, alikitazama kigutu changu, akapekua daftari, jina langu hakulikuta.

Baadaye ulikuja Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, uliokuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, nami nilitibiwa malaria na presha kwa kadi hiyo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni hatua njema. Ila jeraha la vita haliponi likaisha; mwenyewe huzeeka nalo. Wenzetu waliokufa wamezikwa kwa heshima Kaboya, Muleba, na wanastahili. Sisi tuliorudi na vilema tuandikishwe kijiji kwa kijiji, kwa ushuhuda wa tuliopigana pamoja, tupewe bima isiyodai mchango, na mguu wa bandia uhesabiwe kuwa ni tiba. Wewe uliyesoma, lisemee jambo hili sasa, maana mashahidi wanapungua kila mwaka.