Kisu na Nyika

Vijana wa mtaani kwetu Ganjoni wapangapo safari ya nyikani, swali lao la kwanza ni nani mwenye kisu kikali. Ni nadra kuulizana nani aijuaye njia, au maji yatakuwa kiasi gani. Mimi naona wameanzia mwisho.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliondoka Rabai, bara ya kisiwa chetu, akaikata nyika kavu kuelekea Uchaga. Tarehe 11 Mei aliuona mlima Kilimanjaro na weupe wa kilele chake. Mkononi mwake hakuwa na silaha ila mwavuli. Lakini alikuwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeizoea safari ile, na wapagazi wa kuandamana nao.

Sidai kuwa msafara ule haukuwa na kisu. Nyama haikatwi kwa mwavuli. Kisu hukata kamba, huchonga kijiti, hupasua dafu. Lakini nyikani hakuna minazi. Kisu hakitoi maji mahali pasipo maji, wala hakimwonyeshi aliyepotea upande wa nyumbani. Mtu aweza kufa kwa kiu na kisu chake kiunoni.

Basi, msomaji, chukua kisu chako, maana chombo chema si mzigo. Ila kabla ya kukinoa, jaza maji ya kutosha, mtafute mwenyeji wa kukuongoza, kisha waambie wazee wako njia utakayopita na siku utakayorudi.