Milima, Ziwa na Ubao wa Bandarini

Mimi ni mzee wa Chiwanda. Nilizaliwa hapa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na hapa nimezeeka. Leo nataka tuzungumze juu ya nchi yetu, yaani milima yake, ziwa lake na njia zake. Nitakueleza pia jinsi mama yangu alivyopoteza mguu kwa sababu ya neno moja nililosema.

Kwanza tuitazame nchi. Ukisimama Chiwanda, magharibi unaona maji. Mashariki unaona milima. Kusini, si mbali, ni mpaka wa Msumbiji. Ng'ambo ya ziwa ni Malawi.

Ziwa letu lina urefu wa kilometa 580 hivi. Katika Afrika ni la tatu kwa ukubwa, baada ya Viktoria na Tanganyika. Mahali penye kina kirefu kabisa, kina chake ni kama mita 700. Kwa nini liko hivyo? Zamani sana, kabla ya kuwako watu, ardhi ilipasuka na kudidimia. Pale palipodidimia pakajaa maji. Kando yake pakabaki juu, na ndiyo hiyo milima yetu. Ndiyo sababu mtu wa hapa akitoka ziwani kidogo tu, huanza kupanda.

Huko juu ni Umatengo. Kuna baridi, na sehemu zake za juu hupita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ndugu zetu Wamatengo hulima kahawa, mahindi na maharage. Wao hulima mlimani bila udongo wao kuchukuliwa na mvua. Hulaza majani kwa miraba, kisha huchimba udongo katikati na kuyafunika. Shamba lote huwa mashimo mashimo, na kila shimo hushika maji. Kilimo hicho huitwa ngolo. Sisi wa chini tuna samaki, muhogo na mpunga. Tangu zamani usipa wetu umepanda mlima, na maharage yao yameteremka. Njia ilikuwa ya miguu, na mzigo ulikuwa kichwani.

Sasa nikupe habari ya historia. Mwaka 1914 nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani. Huko Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, walikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann. Ilikuwa imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika kutoka upande wa Malawi na kuipiga mizinga. Kapteni wa Kijerumani alishangaa na kukasirika. Yule kapteni Mwingereza, Rhoades, alikuwa rafiki yake. Vita Kuu ilikuwa imeanza huko Ulaya, lakini habari haikuwa imemfikia. Mwingereza alikuwa amepata habari, na yeye hakupata. Basi alitekwa, na meli yake ikaharibiwa.

Mimi nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza, sikucheka kama wenzangu. Nilikumbuka jambo langu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka 1973. Mama alijikata mguu kwa jembe katika shamba la muhogo. Tuliosha jeraha, tukalifunga kitambaa. Siku ya nne mguu ulivimba hadi gotini, na homa ikapanda. Baba akasema, "Mwanangu, mpelekeni mama yenu hospitali. Meli itapita Mbamba Bay kesho."

Tulitengeneza machela. Tulikuwa wanne, yaani mimi, mdogo wangu na wajomba wawili. Tulifuata ufuko tangu alfajiri. Upepo wa Mwera ulikuwa ukivuma kwa nguvu, na mawimbi yalikuwa makubwa. Tulifika Mbamba Bay jioni. Mama alikuwa akitetemeka.

Bandarini palikuwa na ubao, na juu ya ubao palikuwa na karatasi. Mjomba akaniambia, "Wewe kijana, nenda kaangalie." Mimi sikujua kusoma. Lakini watu walikuwa wamekaa pale, na wasichana pia walikuwapo. Niliona haya. Nikasimama mbele ya karatasi kama mtu anayesoma. Kisha nikarudi, nikasema, "Meli inakuja kesho."

Tulingoja siku ya kwanza. Tukangoja siku ya pili. Siku ya tatu mtoto wa shule alipita, akaisoma karatasi ile kwa sauti. Ilisema kwamba kwa sababu ya upepo, meli haitafika juma hilo. Mjomba alinitazama. Hakusema neno. Afadhali angenipiga.

Usiku ule upepo ulipungua. Tukaazima mtumbwi, tukapiga kasia karibu na nchi kavu hadi asubuhi, tukafika hospitali. Mganga aliufungua mguu, akautazama sana. Akauliza, "Kwa nini mmechelewa?" Nikajibu, "Upepo, bwana mganga." Mguu ulikatwa chini ya goti.

Mwaka uliofuata niliingia darasa la watu wazima. Tulisoma chini ya mwembe baada ya kazi za shamba. Mkono wangu ulizoea kasia na jembe, na kalamu ilinishinda. Mama alikuwa akija na gongo lake, akaketi nyuma. Mwaka 1975 nilifaulu mtihani wa kusoma na kuandika. Jioni ile nilimweleza ukweli wote juu ya ile karatasi. Nililia.

Mama akasema, "Najua, mwanangu. Nilikuwa kwenye machela, sikuwa kaburini. Niliona macho yako hayatembei juu ya karatasi."

Nikamwuliza, "Mbona hukusema?"

Akasema, "Na mimi ningesema nini? Hata mimi sikujua imeandikwa nini."

Ndugu msomaji, siku hizi njia zetu zimebadilika. Tangu mwaka 2012 tuna Wilaya yetu ya Nyasa, iliyotoka katika Wilaya ya Mbinga, na makao yake ni Mbamba Bay. Barabara ya lami imeteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66 hivi za kona na miteremko. Kujenga barabara ya mlimani ni kazi ngumu na ya gharama, maana mwamba hupasuliwa na mifereji hujengwa ili mvua isibomoe njia. Hata Ulaya wanalijua jambo hilo. Katika nchi ya Uswisi, watu walitoboa milima kupitisha treni. Handaki lao moja, lililofunguliwa mwaka 2016, lina urefu wa kilometa 57.

Lakini barabara haimalizi kila kitu. Dereva anayeteremka kutoka Mbinga lazima asome alama za kona. Mvuvi lazima ajue habari za hali ya hewa kabla ya kusukuma mtumbwi, kwa maana Mwera bado huvuma, hasa kati ya Mei na Agosti. Abiria lazima asome tikiti yake, na mgonjwa asome karatasi ya dawa.

Mama alifariki akiwa mzee sana. Gongo lake ninalo nyumbani, limeegemea ukutani karibu na mlango. Kila ninaposafiri hulishika kidogo, kisha hutoka.

Na wewe ukifika bandarini au kituo cha basi, usione haya. Simama mbele ya ubao usome polepole, hata kama watu wanakutazama. Na neno likikushinda, mwulize aliye karibu nawe.