Wakati Aliyeitwa Samay

Tamthilia ya Mahabharat, iliyotayarishwa na B.R. Chopra na kuongozwa naye pamoja na mwanawe Ravi Chopra, ilianza kuoneshwa katika Doordarshan, televisheni ya serikali ya India, Jumapili tarehe 2 Oktoba 1988. Sehemu zake zote ni 94. Hapa nitasema juu ya ile ya kwanza tu, kwa sababu ndani yake nimekuta jambo linalotugusa sisi tunaosoma lugha.

Sehemu hiyo haianzi kwa mfalme wala kwa vita. Inaanza kwa picha ya anga na sauti ya mwanaume asiyeonekana. Sauti hiyo inajitambulisha: yeye ni Wakati. Yeye ndiye aliyekuwepo tangu mwanzo, akayaona yote, na kwa hiyo yeye ndiye anayestahili kuisimulia habari hii kubwa. Baada ya hapo ndipo watu wanapoingia.

Katika utenzi wenyewe wa Kisanskriti mambo si hivyo. Msimulizi mmoja anafika katika msitu wa Naimisha na kuwaeleza wenye hekima waliokusanyika yale aliyoyasikia kwa Vaishampayana. Naye Vaishampayana alimsimulia mfalme Janamejaya utungo wa mwalimu wake Vyasa. Ni hadithi ndani ya hadithi, kinywa nyuma ya kinywa. Yule msimulizi wa msituni jina lake ni Ugrashravas, lakini huitwa pia Sauti. Katika Kisanskriti neno hilo halina uhusiano wowote na sauti yetu, iliyotoka katika Kiarabu; hata hivyo nilipolisoma nilicheka peke yangu. Televisheni imemwondoa Sauti na kuweka sauti. Vinywa vyote vile vimekuwa kimoja, na swali ambalo utenzi ulilijibu kwa kutaja nani alisikia kwa nani, tamthilia inalijibu kwa neno moja. Swali lenyewe ni hili: nani ana haki ya kusimulia?

Mimi sijui Kihindi. Mara ya kwanza niliitazama sehemu hii kwenye simu bila maandishi ya tafsiri, nikitegea sikio maneno tuliyochangia na Wahindi kwa njia ya Kiarabu. Ni mengi: duniya ni dunia, kitab ni kitabu, khabar ni habari, sawal ni swali, jawab ni jawabu. Na wakati, kwao, ni waqt. Mwaka 1965 Chopra huyu huyu alitoa filamu maarufu iliyoongozwa na ndugu yake Yash Chopra, na jina lake ni hilo hilo, Waqt. Basi nilingoja Wakati ajitaje kwa jina ninalolijua. Hakujitaja hivyo. Alisema yeye ni Samay.

Samay ni neno la asili ya Kisanskriti. Waqt lilifika India kupitia Kiajemi, na kwa masikio ya wengi lina harufu ya Kiurdu. Kwa hiyo kuchagua samay ni kuchagua upande, na tamthilia nzima iko upande huo. Kihindi chake ni kile cha juu, kilichojaa Kisanskriti, ambacho watu hawakisemi sokoni. Ni kama kumsikia mtu akizungumza Kiswahili bora kuanzia asubuhi mpaka usiku, hata anapoomba maji.

Aliyeandika maneno hayo ni Rahi Masoom Raza. Alikuwa Mwislamu, mwandishi wa Kiurdu na wa Kihindi, mzaliwa wa kijiji cha Gangauli katika wilaya ya Ghazipur, nchi ya mto Ganga. Alisoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Waislamu cha Aligarh kabla ya kwenda kuandika filamu huko Bombay. Inasimuliwa kwamba Chopra alipotangaza jina lake, zilikuja barua za kuuliza kama Wahindu wote wamekwisha hata kazi hiyo apewe Mwislamu. Chopra akampelekea barua hizo. Raza, ambaye mwanzoni alikuwa amekataa kwa kukosa nafasi, alipozisoma akakubali. Alisema yeye ni mtoto wa Ganga. Nani basi anaujua utamaduni wa nchi hiyo kuliko yeye?

Ukiishajua hayo, sehemu ya kwanza inasikika kwa namna nyingine. Tukio lake la kwanza kubwa ni la mfalme Bharat. Ameshinda vita, amerudi nyumbani, na baraza linamngoja amtaje mrithi. Ana wana. Anawapima mbele ya watu wote, anaona hakuna anayefaa, na anamtaja Bhumanyu, mwana wa Bharadwaj. Hoja yake ni kwamba mfalme ana deni kwa raia: awape haki, awalinde, na awaachie mtawala anayestahili. Kuzaliwa na mfalme hakutoshi.

Utenzi wa kale unaisimulia habari hii kwa ukali zaidi. Bharat anawakataa wana wake tisa, mama zao wanawaua kwa hasira, naye anampata Bhumanyu kwa njia ya sadaka iliyofanywa kwa msaada wa Bharadwaj. Televisheni imeacha damu na kubakiza kanuni. Na kanuni hiyo ilitoka katika televisheni ya serikali mwaka 1988, wakati waziri mkuu wa India, Rajiv Gandhi, alikuwa mwana wa waziri mkuu na mjukuu wa waziri mkuu.

Hadithi inaruka vizazi vingi na kumfikia Shantanu. Huyu anampenda mwanamke aliyekutana naye kando ya mto, naye ni Ganga mwenyewe. Ganga anakubali kuolewa kwa sharti moja: lolote atakalolitenda, mume asimuulize. Kila atakapozaa atamtosa mtoto mtoni, saba mmoja baada ya mwingine, na mfalme atanyamaza. Wa nane ndiye atakayepona, naye ndiye Bhishma. Bharat alisimama barazani akatoa sababu zake kwa sauti. Shantanu ameahidi kutouliza sababu. Wafalme hawa wawili kuwekwa karibu hivi, mwanzoni kabisa, kunaonesha ufalme huo utaharibikia wapi.

Lakini mimi hurudi kwa Bhumanyu. Naona kwamba Raza alipokuwa akiandika tukio lile, alikuwa anaandika pia habari ya barua zile. Kiti si cha aliyezaliwa ndani ya nyumba, ni cha anayekiweza.

Alikiweza kwa namna gani? Chukua neno pitashri, ambalo wahusika wa tamthilia hii humwitia baba. Pita ni baba, shri ni neno la heshima. Kwa kawaida shri hutangulia jina. Hapa limebandikwa nyuma. Wanaozungumzia kazi yake wanaeleza kwamba Raza alifuata mfano wa Kiurdu, ambamo mtoto mwenye adabu husema abbajaan kwa baba na ammijaan kwa mama. Kumbe chini ya vazi la Kisanskriti kuna mfupa wa Kiurdu, na wafalme wa kale wanawaheshimu wazazi wao jinsi walivyoheshimiwa katika nyumba za Waislamu. Waqt alibaki nje ya mlango, lakini adabu ya nyumbani kwa Raza iliingia.

Ninaliandika hili kwa sababu katika vikao vyetu nimesikia zaidi ya mara moja kwamba Kiswahili bora kina wenyewe, nao wako pwani. Sisi wa Kongo tutosheke na Kingwana chetu. Nikirudi mtaani, nikisema watu badala ya batu, rafiki ananiuliza kama siku hizi nimekuwa Mtanzania. Wanaosema hivi na wanaosema vile wanadhani wanapingana. Kwangu mimi ni neno moja: lugha ni urithi wa damu, kila mtu akae kwa baba yake.

Kuna atakayesema Raza alilipa gharama, kwamba ili akubalike ilibidi aifiche lugha yake. Hoja hiyo ina uzito, na mtu akisikiliza sehemu ya kwanza akijua Kiurdu anaweza kuuhisi ukimya huo. Ila Raza hakuwa mtu wa kitabu kimoja. Mwaka 1966 alitoa riwaya ya Aadha Gaon, yaani nusu ya kijiji, habari za Waislamu wa Gangauli miaka ile India na Pakistani zilipokuwa zinaachana. Humo watu wanasema Kiurdu cha kijijini kilichochanganyika na Kibhojpuri, pamoja na matusi yao. Hakuwapa wanakijiji lugha ya baraza la wafalme, na miaka 22 baadaye hakuwapa wafalme lugha ya kijiji. Zote mbili aliziandika kama mwenye nyumba.

Katika promosheni yetu kuna wanaoandika mashairi kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ambamo bibi ni mke na Kifaransa kinaingia bila kubisha hodi, kisha wanayaficha wanapokuja darasani. Kuna wengine wanaoandika Kiswahili bora vizuri sana na wanaona haya kukisema barazani kwao. Ningependa wote waitazame sehemu hii ya kwanza, hata bila kujua Kihindi, na wamsikilize yule Samay. Maneno anayoyasema kwa utulivu kama mwenyeji wa milele yaliandikwa na mtu aliyeambiwa kwa barua kwamba hayakuwa yake.