Mkanda wa Picha 12

Ile kamera hatimaye tumeipata.

Tumeitamani tangu utoto, tulipokuwa tukisimama na dada yangu nje ya Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, kutazama picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe. Yetu ni Yashica Mat-124 G, yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1970, kwa hiyo huenda ikawa mkubwa wetu. Tumeilipa kwa zamu zetu mbili za mchezo. Mama alinuna: pesa zile zingeezeka jiko lake. Alituuliza kama huu si ufujaji, na jibu zuri hatukuwa nalo.

Haiwekwi jichoni. Unaishika usawa wa tumbo na kutazama chini kiooni, na humo mtu anayekwenda kulia unamwona akienda kushoto. Mkanda wake, ule mpana wa namba 120, hutoa picha 12 tu za mraba.

Safari ya kwanza tuliipeleka Ilagala, kwao mama, Malagarasi inakokaribia kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Bibi yetu picha yake moja ya ujana ililiwa na mchwa. Za kwenye simu tumempiga nyingi. Huzitazama, anacheka, anarudisha simu. "Sasa mimi nashika nini?" anauliza.

Siku hiyo aliacha mawese jikoni, akavaa kanga mpya, akaazima viatu kwa jirani. Akakaa chini ya mchikichi. Tulipoinamisha vichwa kutazama kioo, akashangaa: "Mbona mnaniinamia?" Tukapiga tatu. Zilizobaki zikaenda kwa watoto, dagaa walioanikwa, na watu wakingoja kivuko.

Kurudi Unguja tulisafisha wenyewe, usiku, bafuni. Dawa inataka nyuzijoto 20, na maji ya bomba letu ni ya uvuguvugu mchana na usiku, basi tulinunua barafu za watoto, zile za vifuko, tukaizungushia chupa ya dawa. Bismillah, tukamimina.

Mbili za Bibi ziliharibika. Ushungi ulikuwa umening'inia mbele ya lenzi ya chini, ile inayopiga. Sisi tunatazamia lenzi ya juu, na huko Bibi alionekana safi kabisa. Tulikaa sakafuni bila kusemezana. Kwenda Ilagala si kwenda Bububu, na Bibi si kijana.

Ya tatu ilitoka.

Hatuna mashine ya kukuzia. Tuliilaza negativu juu ya karatasi ya picha, tukaikandamiza kwa kioo, tukawasha taa kwa sekunde chache. Ndiyo faida ya mkanda mpana: picha inatoka sentimita sita kwa sita, inakaa vizuri kiganjani. Tulitoa mbili. Moja mama aliichukua bila neno, akaitia ndani ya msahafu wake. Ya jiko hajayasema tena, ingawa tunajua hajasahau.

Nyingine ilikwenda na msafiri wa Kigoma. Juzi Bibi akapiga simu. Anayo mkononi, anasema, ila amekasirika: viatu havikutokea.